Kivumbasi: Tabia na Matumizi ya Mti Wenye Harufu, na Fasiri ya Neno «Dawa»

0. Utangulizi

Kando ya njia nyingi za Afrika ya kati na ya mashariki, kwenye mashamba yaliyoachwa yapumzike, kwenye kingo za misitu na nyuma ya nyumba, huota mti mdogo unaotambulikana kwa pua kabla ya kutambulikana kwa macho. Mtu akiyagusa tu majani yake, mkono hubaki na harufu kali kwa muda mrefu. Waswahili wa pwani huuita kivumbasi au mvumbasi. Wataalamu wa mimea huuita Ocimum gratissimum.

Makala hii ina makusudi mawili. La kwanza ni kueleza mti wenyewe: majina yake, umbo lake, asili ya harufu yake na kazi ambazo watu huutumia. La pili ni kuonyesha namna neno moja la Kiswahili, yaani «dawa», linavyokusanya kazi ambazo kwa kweli ni mbalimbali, na hatari inayozaliwa pale kazi hizo zinapochanganywa.

Jambo hili linawahusu wanaisimu kama linavyowahusu waganga na wanakemia. Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu huandika kazi zao za mwisho wa masomo juu ya miti ya dawa, nao huanza daima kwa maneno: jina la mti walilotajiwa na wazee, na jina la ugonjwa walilotajiwa pamoja nalo. Neno likifasiriwa vibaya mwanzoni, hata maabara iliyo bora haitaweza kulisahihisha baadaye.

1. Majina

1.1. Jina la kisayansi

Ni Linné aliyeuandika mti huu kwa jina la Ocimum gratissimum, mwaka 1753. Neno gratissimum ni la Kilatini, na maana yake ni «wenye kupendeza sana». Mwaka 1809 Willdenow aliandika jina jingine, Ocimum suave, yaani «wenye harufu tamu», akidhani kwamba ameona mti wa namna nyingine. Kwa muda mrefu vitabu na majarida ya Afrika ya mashariki yalipendelea jina hilo la pili. Mwaka 1992, Alan Paton wa bustani ya Kew, Uingereza, alichapisha uchambuzi wa jamii yote ya Ocimum katika Afrika, na tangu hapo imekuwa desturi kuhesabu suave ndani ya gratissimum. Kwa hiyo msomaji anayekuta majina hayo mawili katika taarifa za miaka mbalimbali asifikiri kwamba anasoma habari za miti miwili.

1.2. Majina ya lugha za Afrika

Waganda huuita mti huu omujaaja, na chai ya majani yake ni kinywaji cha kawaida kwao. Katika Kinyarwanda jina lake ni umwenya. Huku kwetu Kongo, upande wa Kinshasa na Kongo ya chini, watu wengi husema lumba-lumba. Katika Nijeria, Wayoruba husema efinrin, Waigbo nchanwu, na Wahausa daidoya. Wingi wa majina haya, kila lugha ikiwa na lake, waonyesha kwamba mti huu haukuingia katika maisha ya watu kwa njia ya biashara ya karibuni. Miti iliyoletwa na wageni huja mara nyingi na jina lake, kama tunavyoona kwa mpera au mpapai. Kivumbasi kilipewa jina na kila watu pale walipokikuta.

1.3. Majina ya Kiswahili

Katika neno kivumbasi twasikia shina -vumba, ambalo katika Kiswahili cha pwani lataja harufu kali, hasa ile ya samaki. Kiambishi hubadilika: mvumbasi huwekwa katika ngeli ya miti (m-/mi-), kivumbasi katika ngeli ya ki-/vi-, kwa sababu mmea huu hausimami kama mti mkubwa. Tukumbuke hapa kwamba Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote kwa mmea ambao si mti kamili wala si jani la chini. Kichaka ni mkusanyiko wa mimea iliyosongamana, si mmea mmoja. Ndiyo maana katika makala hii tunasema «mti mdogo».

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba jina kivumbasi halitaji mmea mmoja tu. Mahali pengine hutumiwa pia kwa Ocimum americanum, mmea mfupi wa jamii hiyo hiyo, ambao haudumu miaka mingi. Mrehani, neno lililotoka katika Kiarabu, kwa kawaida ni Ocimum basilicum, ambao majani yake hufungwa pamoja na asumini na maua mengine katika vikuba vya wanawake wa pwani. Kuna tena Ocimum kilimandscharicum, wenye harufu ya kafuri. Hiyo yote ni mimea ya ukoo mmoja, yote hunukia, lakini mafuta yaliyomo si sawa.

Wataalamu wa kamusi waliliona tatizo hili mapema. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa Paris kuanzia mwaka 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. Alikausha mimea ya Unguja na ya Bagamoyo na kuipeleka Ufaransa, na jenasi moja ya mimea, Sacleuxia, ilipewa jina lake. Kwa sababu hiyo kamusi yake huweka mara nyingi jina la Kilatini kando ya jina la Kiswahili. Huo ni mfano ambao wengi wetu tuliokuja baadaye hatukuufuata.

2. Umbo la mti

Kivumbasi ni mmea unaoishi miaka mingi. Kimo chake huwa kati ya mita moja na mita tatu. Shina lake la chini hugeuka kuwa gumu kama mti, lakini matawi machanga ni laini na yana pembe nne. Ukilizungusha tawi kati ya vidole utazisikia pembe hizo. Majani hutoka mawili mawili, moja likielekeana na jingine. Yana umbo la yai lililochongoka mbele, na ukingo wake una meno kama ya msumeno mdogo. Ukiliinua jani kwenye mwanga utaona vitone vidogo vingi: hivyo ndivyo vifuko vya mafuta.

Maua ni madogo, ya rangi nyeupe yenye kijani au manjano kidogo, nayo hupangwa kwa duara, duara juu ya duara, kwenye ncha ya tawi. Kila ua lina midomo miwili, ambayo ndiyo alama ya ukoo wote wa Lamiaceae. Nyuki huyapenda sana. Baada ya ua kuanguka, kikombe chake hufunga mdomo na kuhifadhi ndani yake mbegu ndogo nne.

Mti huu huota kuanzia usawa wa bahari hadi kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1.500. Kwa hiyo wakazi wa pwani ya Zanzibar, wa Lubumbashi kwenye mita 1.200 hivi, na wa Bukavu kwenye mita 1.500 hivi, wote waweza kuukuta bila kwenda mbali. Hupenda jua na udongo uliokwisha kulimwa. Hupandwa kwa mbegu au kwa kipande cha tawi.

Hapana budi kutaja mmea mmoja unaoweza kumdanganya mtu asiye mzoefu, yaani Lantana camara, uliotoka katika Amerika ya joto ukaenea kote Afrika. Huo nao ni mti mdogo, una matawi ya pembe nne, majani yaliyoelekeana yenye meno, na harufu kali. Lakini matawi yake mara nyingi yana miiba midogo, maua yake hukusanyika kama kichwa cha duara chenye rangi mbili au tatu, na huzaa tunda dogo la kijani linalogeuka kuwa jeusi. Majani ya Lantana ni sumu kwa ng'ombe, na matunda yake mabichi yaweza kumdhuru mtoto. Anayechuma majani bila maua aangalie mara mbili.

3. Asili ya harufu

Harufu ya kivumbasi hutoka katika mafuta mepesi ambayo huruka hewani upesi. Hukusanywa kwa mvuke: majani hutiwa katika chombo, mvuke wa maji hupitishwa kati yake, kisha mvuke hupozwa na mafuta hujitenga na maji. Mavuno ni madogo. Kwa majani mabichi, mara nyingi mafuta hayafiki kilo moja kwa kilo 100 za majani.

Katika sehemu nyingi kitu kikuu kilichomo katika mafuta haya ni eujenoli (C10H12O2). Msomaji wa Kiswahili anaijua harufu hiyo hata kama hajui jina lake: ndiyo harufu ya karafuu. Mikarafuu ilipandwa Unguja na Pemba tangu mwanzo wa karne ya 19, chini ya utawala wa Waomani, na utajiri wa visiwa hivyo ulisimama juu ya kitu kile kile ambacho kivumbasi hutengeneza bure kando ya njia. Tofauti ni ya kiasi, kwani tumba za karafuu zina mafuta mengi zaidi. Miti hii miwili haina undugu wa karibu hata kidogo: mkarafuu ni wa ukoo wa mpera, kivumbasi ni wa ukoo wa mrehani. Viumbe viwili vilivyo mbalimbali vimefika kwenye silaha moja dhidi ya wadudu na vijidudu.

Lakini si kila kivumbasi kinanukia karafuu. Upo mti wa spishi hiyo hiyo ambao mafuta yake yamejaa timoli (C10H14O), na mwingine wenye linaloli au geranioli kwa wingi. Aina ya timoli imeripotiwa mara nyingi katika Afrika ya magharibi. Kwa macho miti hiyo haina tofauti, lakini kwa kemia ni vitu viwili. Zaidi ya hayo, mti mmoja hubadilika kwa saa: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 huko Brazil ulionyesha kwamba eujenoli ya majani huwa nyingi sana mchana na kushuka sana jioni. Mzee anayesema kwamba dawa fulani yapasa kuchumwa saa fulani huenda asijue sababu yake ya kikemia, lakini kanuni yake haistahili kudharauliwa wala kuachwa bila kuandikwa.

4. Matumizi

4.1. Kufukuza mbu na wadudu

Kazi inayojulikana zaidi ni ya kufukuza mbu. Watu hutundika matawi mabichi chumbani, husugua majani kwenye ngozi, au huyaweka juu ya makaa. Mwaka 1973 G. B. White alichapisha, katika jarida la tiba la Afrika ya mashariki, uchunguzi juu ya desturi hii ya kutumia mimea ya Ocimum. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa magharibi ya Kenya katika nyumba za majaribio, kwa mbu wa Anopheles gambiae, mwenye kueneza malaria. Kivumbasi kilipopashwa moto ili mvuke wake utoke, mbu walioingia walipungua kwa karibu nusu.

Inafaa kueleza tofauti ya kupasha na kuchoma. Majani yakiwekwa juu ya bamba la chuma lililo juu ya jiko, mafuta hutoka kama mvuke bila kuharibika. Yakitupwa ndani ya moto, sehemu ya mafuta huungua. Lakini kwa njia zote mbili onyo ni moja: jiko la makaa (mbabula, kama tunavyosema Lubumbashi) lisiachwe kamwe likiwaka katika chumba kilichofungwa usiku. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Hakuna faida kukimbia mbu na kukutana na hewa hiyo.

4.2. Kuhifadhi nafaka na kulinda mifugo

Wakulima wa sehemu nyingi huchanganya majani makavu na mahindi au maharage ghalani. Mwaka 1990 Hassanali na wenzake, wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Nairobi, walionyesha kwamba mafuta ya mti huu humfukuza fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, na kwamba eujenoli ina sehemu katika kazi hiyo. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti mwingine juu ya nguvu ya mafuta hayo dhidi ya kupe Rhipicephalus appendiculatus, anayewaletea ng'ombe ndigana kali. Kwa mfugaji wa Kivu hilo si jambo dogo.

4.3. Kutibu mwili

Majani huchemshwa na kunywewa kwa kikohozi, kwa homa, kwa tumbo linalouma au kuhara. Mvuke wake hutumiwa kwa mafua: mgonjwa hujifunika shuka na kujifukiza. Majani yaliyopondwa hunuswa au huwekwa penye kidonda na penye jino linalouma.

Baadhi ya matumizi haya yana maelezo yanayoeleweka. Eujenoli na timoli huharibu ngozi ya nje ya chembe za bakteria nyingi, na mwaka 1981 Chogo na Crank walichapisha uchambuzi wa mafuta ya mti huu kutoka Tanzania pamoja na nguvu yake dhidi ya vijidudu. Eujenoli hutuliza maumivu mahali inapopakwa. Ndiyo sababu waganga wa meno, tangu karne ya 19 hadi leo, huichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Hata desturi ya kufunika chungu wakati wa kuchemsha majani ina hekima yake: chungu kikiachwa wazi, mafuta huondoka na mvuke, na mgonjwa hunywa maji ya kijani yasiyo na nguvu.

Lakini lazima tutenganishe mambo mawili. Kitu kinachoua bakteria katika bakuli la maabara hakijathibitishwa kwa hilo tu kwamba kitaponya mtu. Mafuta yanayowekwa katika bakuli ni mengi kuliko yale yanayofika kwenye damu ya mtu aliyekunywa kikombe cha chai.

4.4. Chakula

Mti huu ni kiungo pia. Waigbo hutia nchanwu katika mchuzi wa pilipili, Waganda hunywa omujaaja kama chai, na lumba-lumba hutiwa vyunguni huku kwetu. Kiasi kinachotumiwa jikoni ni kidogo, na ni cha zamani mno kiasi kwamba hakileti wasiwasi.

5. Neno «dawa»

Tumeona kazi nne: kufukuza mbu, kulinda nafaka na mifugo, kutibu mwili, na kukoleza chakula. Katika Kiswahili kazi tatu za kwanza huitwa kwa neno moja. Kivumbasi ni «dawa ya mbu», ni «dawa ya mahindi», ni «dawa ya kikohozi». Neno hilo ni pana sana. Husemwa dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya. Dawa ya ng'ombe humponya ng'ombe, lakini dawa ya panya haimponyi panya. Kiunganishi -a hakituambii kama dawa ni kwa faida ya kile kinachotajwa au ni kwa kukiangamiza. Msikilizaji hujua kwa mazoea, si kwa sarufi.

Sasa tufuate safari ya sentensi moja. Mzee asema: «Kivumbasi ni dawa ya mbu.» Mwingine aongeza, kwa kweli kabisa: «Mbu huleta malaria.» Wa tatu, aliyesikia yote mawili, asema: «Kivumbasi ni dawa ya malaria.» Hakuna aliyedanganya. Hata hivyo maana imehama kutoka kufukuza mdudu hadi kuponya mgonjwa, na umbali kati ya maana hizo mbili ni uhai wa mtu.

Safari ya pili hupitia neno homa. Katika Kiswahili homa ni joto la mwili, na kila ugonjwa wenye joto waweza kuchukua jina hilo: homa ya manjano, homa ya matumbo, homa ya mapafu. Mzee akisema kwamba kivumbasi ni dawa ya homa, ametaja dalili, wala hakutaja ugonjwa. Mwanafunzi anayejaza jedwali lake kwa Kifaransa huona nafasi ya ugonjwa, na kwa kuwa katika nchi yetu homa nyingi hutokana na malaria, huandika malaria. Jedwali hilo husomwa na mwingine, ambaye huhesabu ni wazee wangapi «walitaja malaria», na hesabu hiyo huchukuliwa kama ushahidi. Hivyo neno ambalo halikutamkwa na yeyote huwa tokeo la utafiti.

Neno la tatu ni chango. Kwa mtu mmoja chango ni minyoo, kwa mwingine ni utumbo, kwa mwanamke fulani ni maumivu ya chini ya tumbo yasiyohusu chakula hata kidogo. Kuandika «magonjwa ya tumbo» kwa yote hayo ni kuyapoteza yote.

Kongo ni moja ya nchi mbili zenye wagonjwa wengi wa malaria kuliko zote duniani, pamoja na Nijeria, na wanaokufa zaidi ni watoto wasiofika miaka mitano. Mtoto mwenye malaria kali aweza kufa katika siku moja au mbili. Mama aliyesoma au kusikia kwamba chuo kikuu kimethibitisha kivumbasi kuwa «dawa ya malaria» aweza kuzitumia siku hizo mbili kwa kuchemsha majani. Kwa hiyo usahihi wa fasiri si pambo la wanaisimu.

6. Tahadhari

Kutokana na yaliyosemwa, twaweza kutoa maonyo manne.

Kwanza, kivumbasi hakichukui nafasi ya chandarua. Upungufu wa nusu wamaanisha kwamba nusu ya mbu bado wanaingia, na mmoja tu mwenye vimelea atosha. Tena mvuke hufanya kazi wakati jiko lina moto, huku Anopheles gambiae akiuma zaidi usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na jiko limezimwa.

Pili, mwenye homa apimwe damu, na akionekana kuwa na malaria apewe dawa zenye artemisinini zinazotolewa katika vituo vya afya. Chai ya majani yaweza kumpa nafuu ya kifua au ya tumbo, lakini haimwondolei vimelea.

Tatu, tutofautishe chai na mafuta. Kamati ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka kiasi cha eujenoli kinachokubalika kwa siku kuwa miligramu 2,5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 60 huruhusiwa basi miligramu 150. Mafuta ya kivumbasi yakiwa na eujenoli sehemu 70 kwa 100, mililita moja tu ina miligramu 700 hivi, yaani zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Kwa mtoto wa kilo 10, kiasi chake ni miligramu 25, na tone moja la mafuta laweza kukifikia au kukipita. Eujenoli nyingi hudhuru ini, na watoto wadogo wamepata madhara makubwa kwa kunywa mafuta ya karafuu. Mafuta haya, yanayouzwa siku hizi katika vichupa, yasinywewe, wala yasipewe mtoto kwa mdomo. Mwanamke mwenye mimba ayaepuke pia.

Nne, kwa kuwa ipo aina ya eujenoli na aina ya timoli, kipimo kilichofaa mahali pamoja hakiwezi kuhamishwa mahali pengine kwa kutegemea jina tu.

7. Hitimisho na mapendekezo

Kivumbasi ni mti wenye faida za kweli. Hufukuza wadudu, huhifadhi chakula ghalani, hutuliza maumivu madogo, nao hupatikana bila fedha. Faida hizo zinatosha kuheshimiwa zenyewe, bila kuongezewa ile ambayo haijathibitishwa.

Kwa wanafunzi wanaokusanya elimu ya miti ya dawa katika maeneo ya Kiswahili, tunapendekeza mambo matano.

(a) Jina la mti liandikwe kama lilivyotamkwa, pamoja na lugha na kijiji, kabla ya kutafuta jina la Kilatini.

(b) Tawi lenye maua likaushwe na kuhifadhiwa mahali linapoweza kuangaliwa tena. Nchi yetu ina hazina za mimea mikavu za Yangambi na za Lwiro. Jina bila tawi halina shahidi.

(c) Sentensi ya mzee iandikwe nzima, kwa lugha yake, na fasiri iwekwe pembeni. «Dawa ya homa» ibaki dawa ya homa.

(d) Kila panapotajwa dawa, yaulizwe maswali mawili: dawa hii hufanya nini, na hufanywa kwa nani au kwa kitu gani? Kufukuza, kuua, kutuliza, kuponya na kukinga ni vitenzi vitano, na Kiswahili kinavyo vyote. Tuvitumie.

(e) Mwenye elimu atajwe au afichwe kama apendavyo mwenyewe, na ajulishwe matumizi ya maneno yake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, imeweka kanuni ya kugawana faida na jamii zenye elimu hiyo. Hata bila itifaki, adabu ingetudai hivyo.

Kamusi ya miti ya dawa ya Kiswahili cha Kongo bado inahitaji kuandikwa, na wenye kuijua miti hiyo wanazeeka. Kazi hiyo haihitaji mashine ghali ili ianze. Yataka daftari, gazeti la kukaushia matawi, na sikio linalosikia tofauti kati ya mbu na malaria.